Elfu Tano Mia Mbili Hamsini na Mbili

Kambini, 3 Machi

Nati, mdogo wangu,

Usishangae kuona mwandiko wangu, hata mimi nilikuwa nimeusahau. Getini hapa wametunyang'anya simu zote na kuzifungia kwenye kabati la mlinzi mpaka mashindano yaishe tarehe 20 Aprili, eti wapinzani wasije wakaona siri za injini yetu. Kwa hiyo mimi na wewe tutaandikiana kama babu zetu. Lori la vipuri linapanda huku kila Jumanne na kushuka Jumatano, na dereva wake amekubali kuwa posta.

Sasa sikia shida yangu. Timu imenunua injini mpya ya silinda nane. Meneja ameibandika grafu yake ukutani kwenye chumba cha kulia, tunakula huku tunaitazama. Nguvu za farasi mia tano na sitini, kwenye mizunguko elfu nane na mia mbili kwa dakika. Kila mgeni akija anaonyeshwa kile kilele kwa kijiti, na hakuna anayeuliza huko chini kuna nini. Mimi ndiye ninayeishi huko chini. Njia ya mlima huu ina kona arobaini na moja, na nikitoka kwenye kona injini iko kwenye elfu tatu na mia tano, ambapo torki yake, ile nguvu ya kusukuma, ni mia mbili hamsini na tano, basi. Nakanyaga mafuta, nangoja, nangoja, na ikija kuamka nimeshafika kona nyingine, nafunga breki. Ni sawa na mlinzi anayeamka mwizi akishaondoka.

Baba alikuwa akisema torki ndiyo inayokutoa kitandani na farasi ndio wanaokuwahisha kazini. Meneja anataka kuwahi kazini bila kuamka. Na anayelipa ni mimi: muda wangu bora ni dakika nne na sekunde kumi na tatu, na nisiposhuka chini ya nne na kumi ifikapo tarehe 31, kiti changu anapewa dereva mwingine. Ameshakuja kupimwa ovaroli.

Basi nikamwambia Meneja kuhusu injini ya Baba. Silinda sita, turbo moja, miaka kumi na moja ya maisha ya Mzee, imekaa karakana chini ya shuka. Alicheka kwanza. Halafu akasema nimletee grafu yake azilinganishe, na ikiishinda hii hapo katikati, ataifunga kwenye gari. Karatasi moja tu, Nati. Ipandishe kwenye mashine ya kupimia, unitumie mistari yote miwili, wa farasi na wa torki. Najua tuliahidiana kwenye msiba wa Baba kwamba hatutaiwasha mpaka tuwe pamoja. Ahadi hiyo naivunja mimi, dhambi iwe juu yangu. Iwashe.

Msalimie Mama.

Dada yako,
Kiberiti

Karakana, 9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika, ina alama ya grisi na harufu ya dereva. Mama amefurahi mpaka ameisoma mara mbili, ingawa amesema nusu yake haielewi na nusu nyingine ni matusi.

Kuhusu kupima, kuna tatizo dogo. Pampu ya maji ya mashine inavuja, na bila maji kupima hakuwezekani, unajua mwenyewe. Nimeagiza mpira wake. Injini ya Baba ipo, chini ya shuka lake, usiwe na wasiwasi.

Lakini nimekaa nikafikiri. Kwa nini usimwombe Meneja abadilishe gia? Mkiweka gia fupi, injini hiyo ya silinda nane itakaa juu ya elfu tano muda wote, na huko juu haina ubaya. Labda huihitaji kabisa hii ya kwetu. Injini isiyowahi kupimwa ni kama mchumba wa kwenye picha, Dada. Fikiria.

Mdogo wako,
Nati

Kambini, 12 Machi

Nati,

Nilianza kushughulikia gia kabla hujanyoa ndevu za kwanza. Tumeshazibadilisha. Tumeweka fupi, nikapata nne na kumi na mbili, halafu kwenye mnyoofu wa juu injini ikaishiwa pumzi nikabaki nabadilisha gia kama mpiga kinanda. Meneja akasema gari linapoteza farasi wake, akazirudisha za zamani. Anawapenda farasi hao kuliko binadamu.

Na pampu ya maji, mdogo wangu, inabadilishwa kwa nusu saa. Uliibadilisha ukiwa na miaka kumi na minne, na Baba amekusimamia na saa mkononi. Sasa mpira unaagizwa kutoka mwezini?

Nimebakiwa na siku kumi na tisa. Sikuombi muujiza. Naomba uwashe injini, uipandishe mpaka juu, usubiri mashine iteme karatasi, utie kwenye bahasha. Jumanne ijayo nitasimama getini.

Kiberiti

Karakana, 16 Machi

Dada, shikamoo.

Pampu imepona, sasa ni mkanda. Ukipona mkanda nitakuambia kitu kingine, ndivyo unavyofikiri, naona kabisa uso wako.

Naomba na mimi niseme jambo. Wewe ulikuja msibani siku tatu. Ulifagia karakana nzima, ukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka injini ikang'aa kama ya dukani, ukalia mara moja, ukapanda basi. Mimi ndiye niliyebaki. Wateja wanaingia wanauliza Mzee yuko wapi, na ni mimi wa kuwaambia, kila siku upya. Mama anaweka vikombe vitatu vya chai mezani, anakumbuka, anarudisha kimoja. Halafu wewe unaniandikia kutoka mlimani kama unaagiza kipuri: washa, pandisha, tia kwenye bahasha. Injini ile si karatasi.

Nitaipima nitakapoweza.

Nati

Kambini, 19 Machi

Nati,

Nilifagia kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Wewe ulikuwa na watu wa kupokea, Mama alikuwa na wanawake wenzake. Mimi nilikuwa na ufagio. Ningekaa siku ya nne nisingeondoka tena, na huku walishaniambia nisiporudi siku hiyo nisirudi tena. Sikukuambia hayo, nikakuachia uone basi linavyokwenda. Nisamehe.

Baada ya kusema hayo, bado nakukasirikia. Leo nimepanda mlima mara tano. Kwenye kona ya kumi na saba, ile inayojikunja kama sikio, nimekanyaga mafuta mpaka sakafuni na gari likanitazama. Yule mwingine ameanza kukaa mezani kwetu, anakula taratibu, mtu mpole, hata kumchukia nashindwa.

Sitaki kiti kwa sababu ya sifa, Nati. Nataka watu wa huku waisikie kazi ya Baba ikipanda mlima. Miaka kumi na moja alikuwa akisema bado kidogo. Sasa wa kusema tayari ni mimi na wewe. Jumanne ni mwisho, baada ya hapo Meneja hatanisikiliza. Tafadhali. Neno hilo silitumii ovyo, unanijua.

Dada yako

Karakana, 23 Machi

Dada, shikamoo.

Grafu hii hapa. Torki inafika mia nne na mbili kwenye elfu nne na mia tano. Farasi mia nne na sabini kwenye elfu sita na mia nne. Kilele ni kifupi kuliko cha injini yenu kwa farasi tisini, lakini huko unakoishi wewe inaishinda mbali.

Nimeichora upya kwa mkono, maana karatasi ya mashine ilitoka na doa.

Nakutakia mema. Mama hajambo.

Nati

Kambini, 26 Machi

Nati,

Meneja ameikubali grafu yako. Aliishika karibu na ile ya ukutani, akapeleka kidole kutoka hii mpaka ile, akaniita Bibi Torki mbele ya watu wote. Ameamuru lori lishuke leo, likaichukue injini, lirudi Ijumaa. Mafundi wameanza kupima sehemu ya kuikalisha.

Nilifurahi kwa robo saa. Halafu nikaketi na sahani yangu, nikaiweka grafu mezani, nikashika rula kwa mazoea tu, kama alivyokuwa akifanya Baba kwa kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Unajua nilikuwa natafuta nini. Ile namba aliyoipaka rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, ambayo tukiwa wadogo tulidhani ni namba ya nyumba. Elfu tano mia mbili hamsini na mbili. Ukipima torki kwa futi na pauni, ukaichora pamoja na farasi kwenye karatasi moja kwa kipimo kimoja, mistari hiyo miwili lazima ikutane hapo, iwe injini ya trekta au ya mashindano. Farasi wenyewe hupatikana kwa kuzidisha torki kwa mizunguko na kugawanya kwa namba hiyo hiyo. Haibembelezwi, ni hesabu. Ya ukutani hapa inakutana hapo hapo.

Ya kwako inakutana elfu tano na mia sita. Baba angesema grafu hii imechorwa, haijapimwa.

Nimekaa nayo tangu mchana. Umeniweka mbele ya Meneja na uongo mkononi, siku tano kabla sijakatwa. Ungesema hutaki, ningekutukana tukaisha. Kwa nini? Barua hii inashuka na lori lile lile linalokuja kuchukua injini. Mpe dereva injini, au mpe ukweli aniletee.

Kiberiti

Karakana, 27 Machi

Dada,

Dereva yuko nje anakunywa chai na Mama, ananingoja. Injini sina ya kumpa.

Niliiwasha tarehe 2 Februari, wiki tatu baada ya mazishi. Ahadi yetu niliivunja mwezi mzima kabla hujaniruhusu kuivunja. Siku hiyo mteja wa nne alikuwa ameniuliza Mzee yuko wapi, na nikasema moyoni, acha nimsikie basi. Nilitaka kusikia sauti yake tu. Sikuwaza wewe wala mashindano.

Unaujua mtindo wa Baba. Injini ambayo haijajazwa oili, kifuniko chake cha oili hakikai kwenye injini. Alikifunga waya na kukitundika kwenye ufunguo wa mashine ya kupimia, ili mtu asiweze kuwasha bila kukishika kwanza. Fundi mwingine yeyote angechomoa kijiti atazame oili. Sisi hatukulelewa na kijiti, tulilelewa na ufunguo. Nikafunua shuka. Ufunguo mtupu. Kifuniko kiko juu ya injini, kimekazwa vizuri. Nikasema, kumbe Mzee aliimaliza, akajaza, akafunga mwenyewe, hakutaka kutuambia. Dada, nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Ndani mlikuwa na lita moja tu, ile aliyotia Baba ya kuizungushia kwa mkono wakati wa kuiunda. Inahitaji saba. Geji ya presha ya oili ya mashine yetu unajua ilikufa lini.

Niliipasha moto dakika mbili, nikaipandisha. Ilivuta. Sijui nikuambieje. Kwenye elfu tatu na mia tano torki mia tatu tisini na tano, farasi mia mbili sitini na tatu. Hiyo yenu hapo ina farasi mia moja na sabini, nimepiga hesabu. Mstari wa torki ulilala sawa kama meza. Ilipofika elfu nne na mia tisa, konrodi, ule mkono wa pistoni, ikatokea ubavuni mwa bloku, na karakana nzima ikanyamaza.

Ndiyo maana ya pampu, ya mkanda, ya gia fupi. Lakini kuna lililonifunga mdomo zaidi ya hilo. Mzee aliyekuwa akikagua nati moja mara tatu, mwisho alikaza kifuniko juu ya injini tupu. Alianza kusahau, Dada, na sisi hatukuona. Sikutaka ujue, na Mama ndiyo kabisa. Nimekuwa nikimficha Baba, si mimi. Na nimemkasirikia, Mungu anisamehe, nimemkasirikia marehemu kila asubuhi nikifungua mlango.

Karatasi ya kweli nimeitia ndani. Inaishia elfu nne na mia tisa, mistari haijakutana. Ile ya uongo niliifuatisha juu ya hii kwa penseli mpaka ilipokatikia. Kuanzia hapo sijawahi kuisikia, nikawa nabahatisha. Namba ya mlangoni naijua kama wewe. Nadhani mkono haukutaka kukudanganya mpaka mwisho.

Nati

Kambini, 2 Aprili

Nati, mdogo wangu,

Meneja nilimpelekea karatasi zote mbili, nikamwambia ya kwanza ni uongo. Aliifuata ile ya kweli kwa kidole, akauliza iliyobaki iko wapi. Nikamwambia ubavuni mwa bloku. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Tarehe 31 nikapanda mlima na silinda nane yake. Nne na kumi, na sehemu sita za sekunde. Kona ya kumi na saba tena. Kwa hiyo kiti sina, na kwa kuwa nazijua siri za injini yao, hawanifungulii geti mpaka tarehe 20. Nahesabu matairi stoo.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya kiti. Nimeanza barua hii mara nne nikaichana, hii ya tano siichani hata ikitoka mbaya.

Baba hakusahau.

Siku ya pili ya msiba, nikifagia, nilikuta kifuniko kinaning'inia kwenye ufunguo na waya wake. Nilijua maana yake, usidhani sikujua. Lakini watu walikuwa wanaingia kutoa pole, wanapita hapo karakana, na ile injini ilikuwa na tundu wazi juu kama mtu aliyekatizwa akisema. Sikuvumilia. Nikataka waione imekamilika. Nikafungua waya, nikakisugua kifuniko kwa mafuta ya taa, nikakifunga mahali pake, nikakikaza, nikatandaza shuka. Nikajisemea nitakirudisha kwenye ufunguo kabla sijaondoka. Nikapanda basi.

Na sikukumbuka tena. Hilo ndilo linaloniua. Mwezi mzima nakutukana kwa sababu ya pampu, na jambo hili halikunipitia akilini hata mara moja, mpaka niliposoma maneno yako mawili, ufunguo mtupu. Niliketi juu ya matairi.

Injini ya Baba nimeiua mimi, wewe ulibonyeza tu. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa. Ila usimkasirikie Mzee hata asubuhi moja zaidi. Na Mama, kama hajui, nitamwambia mwenyewe nikija.

Kiberiti

Karakana, 6 Aprili

Dada,

Leo shikamoo sina.

Niliposoma barua yako nilirusha spana ukutani. Imeacha shimo kando ya namba ya mlangoni, utaliona. Miezi miwili nimelala na kosa la Baba na kuamka nalo, kumbe ni la kwako. Na la kwangu pia, maana kijiti kilikuwepo na mkono ulikuwepo. Nina hasira na wewe kiasi kwamba nimefunga mlango saa tano asubuhi na kuwaambia wateja nina malaria. Usinijibu barua hii, nisije nikakasirika upya.

Sikukungoja kumwambia Mama. Nilimwambia jana, alikuwa jikoni anachambua mboga. Nilimwambia yote, ahadi, lita moja, kifuniko na waya wake, ufagio wako. Hakuinua macho. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo baba yenu alikitundika?"

Nikamwambia alikitundika, Mama. Akasema, "Basi," akaendelea na mboga. Baadaye kidogo nikamsikia anaimba, jambo ambalo hajalifanya tangu Januari.

Bloku imekufa, hilo halina dawa. Lakini nimeifungua yote. Turbo ni nzima, kichwa cha silinda hakina ufa, pistoni tano zinafaa. Yule dereva wa lori anamjua mtu mwenye bloku kama ile, na ameshaanza kumsumbua. Itachukua muda mrefu na nitakutukana kila siku ya muda huo. Wakikufungulia geti tarehe 20, njoo. Uje na ovaroli, ufagio uache huko huko.

Ile nusu ya grafu nirudishie, nimeitengea nafasi ukutani, na upande wake wa kulia nimeacha karatasi nyeupe.

Kifuniko kiko kwenye ufunguo, nimekitundika kwa waya mpya. Ukikigusa nitakukata mkono.

Mdogo wako,
Nati